Wenzangu wananiita mtu wa bahari, na kuogelea sijui

Shangazi, shikamoo.

Ni saa nane usiku, mke wangu amelala, na mimi nimekaa jikoni nikiuwaza mto ulioko Afrika Kusini ambao hata sijawahi kuuona.

Nimezaliwa Likoni, nina miaka 36, kazi yangu iko Nairobi. Kuna marafiki ninaotembea nao milimani, tuko wanane. Longonot tumepanda mpaka tunajua jiwe lipi linateleza, vilima vya Ngong tumevimaliza, na mwaka juzi tulifika Lenana kule Mlima Kenya. Wawili walitapika njiani lakini tulifika wote. Mwaka huu tukasema twende ng'ambo. Mwenzetu mmoja alikuwa akichungulia tovuti ya mbuga za Afrika Kusini kila usiku, hadi akadaka nafasi nane za watu walioghairi kwenye Otter Trail. Ni siku tano, kama kilomita 45, kutoka Storms River Mouth hadi Nature's Valley, njia ikipanda na kushuka majabali ya bahari mwanzo hadi mwisho. Nafasi tumelipia, ndege hadi Gqeberha tumelipia. Tunaondoka Septemba, zimebaki wiki kumi.

Shida yangu iko siku ya nne. Siku hiyo kuna mto unaoitwa Bloukrans, na njia inaukuta pale unapomwagikia baharini. Hakuna daraja wala mtumbwi. Unavuka kwa miguu, ukishindwa unaogelea, na lazima ufike maji yakiwa yamepwa. Kwenye mkutano wetu wa kwanza kiongozi alitusomea habari hizi kwa sauti. Watu wakanyamaza. Halafu nikaona vichwa saba vimenigeukia. "Si tuna Mpwani hapa!" Basi nikakabidhiwa kila kitu: jedwali la maji, saa ya kuvuka, kamba abebe nani. Na wa kutangulia ni mimi.

Shangazi, mimi sijui kuogelea. Sisemi siogelei vizuri. Sijui kabisa.

Nikiwa na miaka tisa wimbi lilinipiga pale Shelly Beach, nikabiringishwa mpaka sikujua juu ni wapi, chini ni wapi. Mjomba alinivuta kwa ukosi wa shati. Toka siku hiyo mama alinipiga marufuku baharini, na kusema kweli sikuhitaji kupigwa marufuku. Lakini nani Nairobi atakuamini? Ukisema umetoka Likoni, watu wanadhani ulizaliwa na mapezi. Na kosa ni langu pia. Miaka ya nyuma, kwenye karamu ya ofisini, nilijisifu kwamba utotoni nilikuwa nikivuka kivuko kwa kuogelea, feri nikaiacha nyuma. Mmoja wa wale saba alikuwepo, na hadithi hiyo anaisimulia kila safari. Kila akiisimulia, kivuko kinazidi kuwa kipana.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, hapo sidanganyi. Babu yangu alikuwa mvuvi, na hesabu ya mwezi na maji alinifundisha kabla sijajua kusoma. Ila kujua maji yatapwa saa ngapi na kuingia ndani yake ni mambo mawili.

Nimewaza njia tatu. Ya kwanza, nisingizie goti. Nianze kuchechemea mwezi wa nane, mwishoni nijitoe. Ya pili, nitafute mwalimu wa kuogelea kimyakimya, nimalize kabla ya safari. Ya tatu, ninyamaze tu, maana nimesoma kuna watu huvuka mto huo maji yakiwa magotini, pengine na sisi tutabahatika. Mke wangu anasema niwaambie ukweli. Yeye ni rahisi kwake, hakujisifu mbele ya ofisi nzima.

Nisaidie.

Mpwani wa Jina, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu wa Likoni.

Goti liache lilivyo. Ukianza kuchechemea mwezi wa nane, wenzako watakupa pole, watakutafutia daktari, na bado watakwenda Bloukrans bila mtu anayejua maji. Utakuwa umeokoa aibu yako na kuwanyima hesabu ya babu yako, ambayo ndiyo kitu cha maana kuliko vyote mlivyo navyo. Na njia ya tatu, ya kunyamaza na kuombea magoti, sitaki hata kuijadili. Aliyetangulia majini ndiye wenzake wanayemtazama kujua kama panapitika. Wewe ukiyumba, walio nyuma watakufuata kukuokoa, na nusu yao sidhani kama wanaogelea vizuri. Umewauliza? Watu wa bara waliojifunza kwenye bwawa la hoteli husema "najua kuogelea" kwa ujasiri mkubwa sana.

Nina sababu ya kulijibu suala hili kwa urefu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipokuwa nikifanya kazi Port Elizabeth, kabla mji haujaitwa Gqeberha mwaka 2021, niliipita njia hiyohiyo na wenzangu watano. Na mimi pia nilipewa cheo chako. Mpwani ni Mpwani, wakasema, atusomee maji.

Niliyasoma sawasawa, hilo nitalisema mpaka kufa. Siku ya nne ilikuwa ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na maji kupwa kabisa ilikuwa saa nne kasoro asubuhi. Tulitoka kambi ya Oakhurst saa kumi alfajiri na taa za kichwani. Kutoka pale hadi Bloukrans ni kilomita 10, na usidanganywe na hizo 10: ni kupanda msitu, kushuka mawe, kupanda tena, kwa mwendo wa kilomita mbili kwa saa, ukiwa na bahati na magoti. Tulifika tukiwa na dakika arobaini za akiba. Nikajiona bingwa.

Mto ulikuwa mdogo. Maji ya kule yana rangi ya strungi kwa sababu ya majani ya msituni, na pale mdomoni ulikuwa kama mkanda wa chai uliopita katikati ya mchanga, upana wa barabara ya mtaani. Nikawaambia, vueni buti, twendeni. Mara yakaja mawimbi matatu, moja nyuma ya jingine. Hayakuvunjika nje kama ninavyoyajua mimi. Yaliingia mzimamzima, yakapanda ndani ya mto, mchanga wote ukapotea, yakagonga jabali la upande wa pili. Kisha yakaanza kurudi, na changarawe zikalia chini ya maji kama karanga zinazopepetwa kwenye ungo. Baada ya hapo kukatulia. Mto ukawa mdogo tena, mpole, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi nikasema tuyahesabu mawimbi, tukimbie katikati. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka Mwanza, mtu aliyezaliwa akilitazama ziwa, akavua shanta, akaliweka chini, akalikalia. Akasema, "Mimi kuogelea sijui. Sivuki." Hakuinamisha kichwa wala hakuomba radhi. Tulibishana naye robo saa. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Wakati tunabishana maji yakageuka, na hapo ubishi ukaisha wenyewe, tukaenda kutafuta kibao chenye herufi E, alama ya njia ya kutokea wakati wa dharura.

Sijui kama tungezama. Pengine tungevuka, tukalowa, tukacheka. Lakini wa kutangulia nilikuwa mimi, na mpaka leo nikisikia karanga kwenye ungo nayakumbuka yale matatu.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nataka ulielewe, kwa sababu ndilo kosa utakalolifanya wewe. Nilidhani bahari ni bahari. Kwetu, kuanzia Lamu kushuka hadi Mtwara, sehemu kubwa ya pwani ina mwamba wa matumbawe mbele yake. Wimbi linakuja na hasira zake kutoka nje, linavunjikia kwenye mwamba, na sisi tuliokaa ndani tunaletewa mabaki. Babu yako wakati wa kusi alikuwa akitoka nje ya mwamba? Nadhani alikuwa akishona nyavu barazani. Sasa Tsitsikamma, pwani hiyo inayopitwa na Otter, haina mwamba wa namna hiyo. Tangu kwenye barafu za kusini ya dunia hadi kwenye lile jabali hakuna kitu cha kulizuia wimbi. Kila siku kule ni nje ya mwamba, na dhoruba iliyopita mbali baharini siku mbili zilizopita inaweza kuleta mawimbi makubwa kwenye asubuhi yenye jua na anga safi. Jedwali la maji halikuambii habari hiyo. Linakuambia maji yatashuka kiasi gani tu, basi.

Na hicho kiasi pia kitakudanganya. Umezoea bamvua ya Mombasa, ambapo maji hupanda na kushuka karibu mita nne, feri inateremka mpaka magari yanakwaruza matumbo yakitoka. Kule bamvua ni kama mita mbili tu. Mtu wa Likoni akiiona namba hiyo atacheka, kama nilivyocheka mimi. Namba ni ndogo, mawimbi si madogo.

Hesabu ya babu yako inafaa kabisa, ila ifanyie marekebisho. Angalia siku yenu ya nne inaangukia tarehe gani ya mwezi wa Kiislamu. Ikiwa mwezi ndio kwanza umeandama, au umepevuka, siku mbili tatu baada yake, hiyo ni bamvua. Maji yatapwa sana, na yatapwa asubuhi, baina ya saa tatu na saa nne. Uzuri wake ni kwamba mto unakuwa chini kabisa. Ubaya wake ni kutembea gizani kilomita 10 kwenye njia ya majabali, na shanta la siku tano mgongoni. Na Septemba, jua likikaribia kukaa sawa juu ya ikweta, bamvua zake huwa kubwa kuliko za kawaida, yaani hata yakijaa yanajaa kweli. Ikiwa ni tarehe saba au nane, au ishirini na mbili hivi, ni maji mafu. Mtalala mpaka kuche, mtakunywa chai, maana maji yatapwa alasiri, saa tisa au saa kumi. Lakini hayatashuka sana, na mkishavuka bado mna karibu kilomita nne hadi kambi ya André, na jua haliwasubiri. Nzuri kwa roho ni siku zilizo katikati, bamvua ikishaanza kulegea. Maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo siku tatu baada ya bamvua unavuka karibu na adhuhuri. Kama hamkupata siku hizo, nafasi zenyewe mlizipata kwa kudaka, hamna la kuchagua. Kuna maji kupwa mengine ya usiku pia. Hayo msiyaguse.

Jingine dogo linaloweza kuharibu kubwa: saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Chukua jedwali la kule, la bandari iliyo karibu, na uandike saa za kuvuka kwenye karatasi kwa namna ambayo wote wanane mtazisoma sawa. Wewe wa Likoni ukisema "saa nne", kuna mtoto wa Nairobi kwenye kundi hilo atakayesikia saa nne ya kwenye simu yake. Andika 10:00, mwisho wa habari.

Nije kwenye kuogelea. Tafuta mwalimu, ndiyo, anza wiki hii. Usiende kwa siri, ila hilo nitalirudia. Wiki kumi hazitakufanya mwogeleaji wa mdomo wa Bloukrans. Zinaweza kukufunza kulala chali juu ya maji bila kushika kitu, kutoa pumzi uso ukiwa ndani, na kutulia unapopoteza ardhi chini ya miguu, yaani kukutana upya na yule mtoto wa miaka tisa. Hilo pekee linatosha kulipia ada. Mwambie mwalimu kisa cha wimbi siku ya kwanza, asianze kukurusha kina kirefu kwa mzaha. Na usione vibaya baridi ya bwawa la Nairobi mwezi wa Julai, itakufaa. Bahari yetu iko kwenye nyuzi 27 hivi, unaingia kama unaingia kitandani. Kule hushuka hata chini ya 15. Mtu asiyezoea akiingia ghafla, kifua hubana, pumzi inatoka bila ruhusa, na kama mdomo uko chini wakati huo ndipo maji yanapoingia. Wanaojua kuogelea nao huwapata hayo.

Je, uende? Mimi nasema nenda, lakini kwa masharti, na masharti hayo kundi liyakubali mkiwa Nairobi, mmekaa kwenye viti. Pale mtoni kila mtu ana haraka na kila mtu ana hoja.

Sharti la kwanza ni kwamba wa kutangulia si wewe. Atangulie anayeogelea kweli, bila shanta, akapime kina kwa fimbo. Wewe kaa kwenye jabali na jedwali lako na macho yako, nusu saa nzima kabla ya maji kupwa, uyahesabu mawimbi makubwa yanakuja kila baada ya muda gani na yanafika wapi. Kazi hiyo ndiyo yako, na inataka mtu asiyelowa.

Sharti la pili nakuwekea mimi kama mzazi. Yule aliyepima akirudi na kusema maji yako chini ya mapaja, na mawimbi hayapandi ndani ya mto, vuka, ukiwa umevaa jaketi la boya, katikati ya watu wawili. Zaidi ya hapo huvuki. Unashika njia ya E, na mwenzako mmoja anafuatana nawe, kwa sababu huko juu hapaendwi peke yako. Kwa jinsi ulivyo sasa hakuna kiuno wala kifua, wala "leo nina nguvu".

Njia za E zimewekwa makusudi, za kutokea pale mtu anapoumia au maji yanapokataa. Hiyo ya Bloukrans ni mwinuko wa kushika mizizi kwa mikono, ukifika juu unatembea hadi uikute barabara kuu ya N2. Si aibu, ila inachosha, na sisi tulipanda tukinuna kama watu waliofukuzwa harusini. Otter haizunguki, inaanzia huku inaishia kule, kwa hiyo lazima mna dereva wa kuwarudisha Storms River Mouth. Mpeni mapema tarehe na saa ya kuvuka, mkubaliane kwamba akipigiwa simu siku hiyo atakuja kuwachukua N2. Simu hushika mahali na mahali, hasa huko juu. Namba ya dharura ni 112.

Kuhusu mizigo, kila mtu awe na mfuko wa nailoni mzito wa kutia shanta zima, lielee. Ukivuka kwa miguu na shanta mgongoni, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani kabla hujatia mguu majini, ukianguka ulivue mara moja. Viatu usivue, chini ni mawe. Kamba ni ya kuvutia mizigo, na mtu anaweza kuishika kwa mkono, lakini kumfunga mtu kiunoni ni kumuua: mkondo ukivuta na kamba ikikaza, humsukuma chini. Nimeona watu wakifanya hivyo kwenye mito ya bara kwa nia njema kabisa.

Hamtafika Bloukrans kama wageni, kuna mito mingine ya kujipimia kabla yake. Siku ya kwanza ni kilomita 4.8 tu, na katikati yake kuna maporomoko ya maji yanayoangukia ziwa dogo karibu kabisa na bahari. Siku ya pili kuna Kleinbos, ya tatu Elandsbos, na mwisho wa siku hiyo ya tatu, mbele ya mlango wa kambi ya Oakhurst, kuna Lottering, ambao nao unataka maji yapwe kama hutaki kulowa. Pale Lottering utajifunza kundi lako lina watu gani. Ukiona watu wameanza kuvuka kila mtu kivyake bila kungojana, jioni hiyohiyo sema neno, kwa sababu kesho yake ndiyo Bloukrans.

Nisikuogopeshe tu. Majabali yale sijaona mfano wake. Asubuhi ya pili njia inatoka msituni ghafla na uko juu ya bahari kabisa, maua ya mprotea yamejaa umande, na chini, mbali, maji meupe yanapanda jiwe na kushuka bila sauti, kwa sababu sauti inakufikia baadaye kidogo. Septemba nyangumi bado wako karibu na ufuo. Kila kambi ina vibanda viwili vya watu sita sita, ndiyo maana hawaruhusiwi zaidi ya kumi na wawili kwa siku, na choo kimojawapo kinatazama bahari kwa kioo, utakaa humo mpaka ugongewe. Njia imechorwa unyayo wa fisi maji, mnyama aliyeipa jina. Mimi sikumwona. Nilimwona pimbi, na kifutu aliyelala njiani akijifanya jani, kwa hiyo tazama unapokanyaga. Na usiku yuko kanu, mnyama simaanishi chama, ambaye anajua kufungua mifuko kuliko askari wa forodha. Chakula kitundikwe au kifungiwe.

Wenzako wakikataa masharti, wakasema lazima utangulie au uache, basi acha, na umchukue mke wako. Mle mle Storms River Mouth unaweza kutembea kilomita tatu za mwanzo za Otter hadi kwenye maporomoko na kurudi, kwa siku moja. Kama saa moja kwa gari kuelekea magharibi, Plettenberg Bay, kuna rasi ya Robberg yenye mizunguko mitatu: kilomita 2.1, 5.5 na 9.2. Ule mrefu unazunguka ncha yote, na sili wanalia chini ya jabali kama ndama. Hakuna mto wa kuvuka. Yapo mawimbi ya kushtukiza kwenye miamba ya chini, kwa hiyo hata huko hamsogelei ukingo kupiga picha. Ukitaka kuiona Bloukrans bila kulowa, barabara ya N2 inapita juu yake kwenye daraja lenye kimo cha mita 216, watu wanaruka kutoka hapo wakiwa wamefungwa kamba miguuni na wanalipa kwa hiari yao. Mimi nilikunywa kahawa nikiwatazama.

Lakini sidhani watakataa. Watu waliotapika pamoja njiani kwenda Lenana hawavunjiki kwa jambo hili. Watakucheka, hasa yule wa hadithi ya kivuko, na mcheko huo unadaiwa, ulipe. Leo hii, usingoje mkutano, andika kwenye kundi lenu la WhatsApp. Kama maneno hayaji, nakuazima haya:

"Jamani, ile hadithi ya kuvuka Likoni kwa kuogelea ni ya uongo. Sijui kuogelea, nimeanza masomo. Jedwali la maji nalijua na nitalisoma. Wa kutangulia Bloukrans atafutwe mwingine, na wote tuambiane ukweli nani anaogelea na nani haogelei. Nina mpango wa njia ya E, nitauleta Jumamosi."

Ukishatuma, weka simu chini, kalale. Nabashiri kabla ya asubuhi utakuta angalau mwingine mmoja amekuandikia pembeni, si kwenye kundi, kwamba na yeye pia hajui. Huyo ndiye mtakayepanda naye E ikibidi.

Na mkirudi, niandikie mto ulikuwaje, na kanu aliondoka na nini.

Shangazi